Siku Doña Monse Alipoanikwa Kambani

Kwa miaka kumi na mitatu Iraida Ayala hakukosa hata mara moja tamasha la plena, ile ngoma ya matari ya Puerto Riko, mjini Arroyo, na kila mwaka alirudi nyumbani na karatasi imeviringishwa kwapani. Wenzake walirudi na koo zilizokauka na viatu mkononi. Yeye alirudi na picha.

Ya kwanza aliinunua Julai ya mwaka 1981, akiwa na miaka ishirini na minne, tena kwa bahati tu. Mvua ilishuka ghafla wapigaji wakiwa ndio kwanza wanapanda jukwaani, watu wakatawanyika kutafuta pa kujibanza, naye akaingia chini ya turubai la kwanza aliloliona. Humo alimkuta mwanamume mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi kisogoni, anahangaika kuzitoa picha zilizobanwa kambani kwa vibanio vya nguo ili zisilowe. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimwambia tu, "Shika hizi. Kwenye pembe, usiguse katikati."

Iraida akashika. Mvua ilipokatika alikuwa bado ameshika, macho yameganda kwenye picha ya juu. Ilikuwa mikono sita inapiga matari matatu. Hakukuwa na vichwa wala miili, mikono tu, nyekundu na nyeusi juu ya rangi ya udongo. Yeye kazi yake ilikuwa kushona sidiria kiwandani Guayama, mamia kwa siku, amekaa kwenye mstari ambao ukiinua macho unaona mikono ya mwenzako kabla ya kuona uso wake. Aliitazama ile mikono akajua huyu wa pembeni amechoka na huyu wa katikati anajionyesha. Hakuwa amewahi kuona karatasi inayosema jambo kama hilo.

"Hii kiasi gani?"

"Dola mbili."

"Mbili? Mchoro wa msanii?"

"Ukitaka kunipa ishirini sikukatalii," akasema yule mtu, akijifuta miwani. "Lakini nimechapa mia moja, na nataka zikae ukutani kwa watu. Kwangu hakuna ukuta wa kutosha."

Huyo ndiye alikuwa Eliud Santaella, fundi wa kuchapa picha kutoka Ponce. Alikuwa na karakana nyuma ya nyumba yake, na kila palipopigwa ngoma kusini mwa kisiwa, yeye alifika na kamba yake, vibanio vyake na turubai lake la bluu.

Mama yake Iraida alikuwa uwanjani hapo hapo siku ile. Jina lake Monserrate, lakini Arroyo nzima ilimwita kwa heshima Doña Monse, na kila tamasha alikaa nyuma ya sufuria la mafuta akikaanga alkapuria, zile za unga wa magimbi na ndizi mbichi zilizojazwa nyama ya kaa. Iraida alipomwonyesha picha, mama aliitazama kwa jicho moja, la pili likiwa kwenye mafuta.

"Dola mbili kwa mikono isiyo na wenyewe," akasema. "Hiyo ungenipa mimi ningekuchorea hata miguu."

Iraida akaibandika chumbani kwake, juu ya kitanda. Wiki haikuisha, alitoka kazini akaikuta jikoni, juu ya jiko.

"Mama, picha yangu imefuata nini huku?"

"Chumbani nani anaiona? Wewe ukiingia mle unafumba macho unalala. Huku nikipika naona kama nina wageni."

Basi ikawa desturi. Kila Julai Iraida alinunua moja, na kila picha ilikaa chumbani siku tatu nne kabla ya mama kuihamishia jikoni au barazani. Bei ilipanda kutoka dola mbili mpaka tatu, mpaka tano, na hapo ikasimama, kwa sababu Don Eliud alisema hatauza picha kwa bei inayozidi sahani ya wali na kipande cha nguruwe. Iraida akajifunza kuchagua. Alijua kwamba karatasi mbili za picha moja si sawa, kwamba kwenye moja nyekundu imeteleza nje ya mstari kidogo kama pindo lililoshonwa na mtu mwenye usingizi, na kwenye nyingine imekaa barabara. Alizipitia moja moja, anainua moja juani, anarudisha, anachukua nyingine, mpaka Don Eliud anaguna.

"Binti, mimi nachapa picha. Wewe umekuja kukagua sidiria."

"Ndiyo maana hapa pamepinda na wewe hukuona."

Alichukua karatasi, akavua miwani, akaisogeza puani. "Pamepinda," akakiri. "Hiyo chukua kwa tatu."

"Sitaki iliyopinda. Nipe nzima kwa tano."

Wenzake wa kiwandani walianza kumcheka, kisha wakaanza kumtuma, kisha wakaja wenyewe. Ikafika miaka ambayo kwenye mstari wao wa kushonea, wanawake saba kati ya kumi walikuwa na picha ya Santaella nyumbani, na si mmoja wao aliyewahi kuingia jumba la makumbusho.

Don Eliud naye alikuwa mteja wa Doña Monse. Mchana alivuka uwanja na kiti chake, akakaa karibu na mafuta.

"Huyu mtu hana nyama hata ya kumlisha mbu," mama alisema. "Kula."

"Nikila zote hizi nitaharibu karatasi kwa mafuta, Doña Monse."

"Ziharibu. Angalau zitanukia."

Alikula taratibu, akimtazama anavyofanya kazi, na hakuna aliyefikiri lolote juu ya kutazama huko.

Iraida alikuwa na dada mkubwa, Migdalia, mwenye saluni barabara ya posta. Migdalia aliokoka akiwa msichana, kanisa lake halikucheza ngoma, na kwenye tamasha alifika asubuhi kubeba masufuria na jioni kuyarudisha. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyelipia dawa za mama, ndiye aliyemwosha wakati wa ugonjwa. Lakini alikuwa mtu wa heshima, na heshima kwake ilikuwa nywele zilizochanwa, viatu vilivyofungwa na mdomo uliofumbwa. Mama yake hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na Migdalia aliumia na hilo maisha yake yote.

Doña Monse alifariki Februari ya 1994, kwa ugonjwa wa figo. Walimzika amevaa gauni la rangi ya kijivu alilochagua Migdalia, nywele zimenyooshwa. Iraida alipomwona kwenye jeneza alifikiri, huyu ni nani, lakini hakusema.

Julai ilipofika alitaka kubaki nyumbani. Migdalia ndiye aliyesema waende. Kamati ya tamasha ilikuwa imeahidi kumtaja mama jukwaani, na haikufaa familia isionekane. Wakaenda wote wawili, wamevaa nyeusi, saa tisa ya mchana, jua linachoma.

Wakati wanakatiza uwanja waliona watu wamejaa kwenye turubai la bluu, wanacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha watu wanaomwona mtu wanayempenda. Lakini aliyefiwa hasikii hivyo. Iraida alipenya katikati yao, na kwenye kamba, kuanzia nguzo hadi nguzo, akamwona mama yake.

Alikuwa amekaa nyuma ya sufuria, miguu imetanuka, peku, nyayo zina nyufa. Kitambaa cha njano kichwani kimeenda upande. Tumbo limejaa mapajani. Mdomo wazi kabisa, anacheka, na pengo la jino la mbele linaonekana. Mkono mmoja umeinuliwa juu unatupa alkapuria kwenye mafuta kama mpigaji anavyolitupia tari kofi. Picha kumi na mbili zilikuwa kwenye kamba, zote mama, na nyingine zimepangwa mezani kwa rundo. Mbele ya Iraida mwanamke mmoja mgeni, mwenye kofia pana, alikuwa anatoa noti.

"Mama yetu anauzwa dola tano," Migdalia akasema nyuma yake. Hakupaza sauti. "Peku. Mbele ya watu. Na wewe ndiye uliyemleta mtu huyu mezani kwetu."

Don Eliud alikuwa ameshamwona Iraida. Uso wake uling'aa kwa furaha. Akainama chini ya meza, akatoa karatasi moja iliyofunikwa kwa karatasi nyembamba, akamnyooshea kwa mikono miwili. Pembeni kwa penseli alikuwa ameandika namba: ya kwanza kati ya sitini.

"Hii yako," akasema. "Sikukwambia, nilitaka nikushtue. Tangu Machi naifanyia kazi."

Maisha yake yote baadaye Iraida alirudi kwenye dakika hiyo, akajaribu kukumbuka kama aliitazama ile picha iliyonyooshwa kwake. Hakuitazama. Alitazama watu wanaomtazama. Alisikia pumzi ya dada yake shingoni.

"Ungeniuliza," akasema.

"Nilidhani..."

"Ungeniuliza. Miaka kumi na mitatu nanunua kwako, nikadhani una macho. Kumbe ulikuwa unakaa pale unakula chakula chake huku unatuona vikaragosi."

Yule mwenye kofia akarudisha noti mkobani polepole.

"Iraida," akasema Don Eliud, "hivi ndivyo alivyokuwa. Hakuna aliyekuwa mzuri kama yeye pale kwenye sufuria. Mimi nilimwona..."

"Uliona mwanamke mnene asiye na meno. Ondoa. Ondoa zote."

Don Eliud aliiweka ile namba moja kwenye mkoba wake wa karatasi. Kisha akaanza kutoa vibanio, kimoja kimoja, akazikusanya zote kwenye rundo, akaziweka mezani, akachukua kisu chake cha kukatia karatasi na rula ya chuma. Akakata. Hakukata kwa hasira. Alikata kama alivyofanya kazi zake zote, sawasawa, rula imekaa, kisu kinapita katikati ya mama, nusu kulia, nusu kushoto. Akachukua nyingine. Asubuhi alikuwa ameuza tano kwa watu wa nje waliokuja na mabasi. Zilizobaki zilikuwa hamsini na nne, na kila moja ilichukua muda wake, na kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi ya mtu kusema neno. Iraida alisimama pale. Kwenye ya ishirini alitaka kusema basi. Migdalia alimshika mkono, akauminya kwa shukrani, na neno hilo halikutoka.

Jukwaani wakamtaja mama yao, watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata turubai la bluu halikuonekana Arroyo, wala ule uliofuata.

Desemba ya mwaka ule ule wa 1994 tarishi alileta bomba refu la karatasi ngumu, anwani imeandikwa kwa herufi zile zile za penseli, ila sasa kwa kalamu. Iraida alikuwa peke yake barazani. Alijua ni nini. Alilipima uzito mkononi, lilikuwa jepesi kama fimbo ya muwa uliokauka. Aliona aibu ikimpanda, na aibu kwake mara nyingi ilitoka ikiwa imevaa nguo za hasira. Akachukua kalamu ya tarishi, akaandika juu yake: Irudishwe kwa mtumaji.

"Una hakika, Iraida?" tarishi aliuliza. Alikuwa mtu wa mtaani, aliyajua mambo.

"Nina hakika."

Ukimuuliza leo atakwambia hakuwa na hakika. Alitaka tu mtu asimwone akilia mbele ya bomba la karatasi.

Kimbunga cha Septemba 1998 kiliuleta mto ndani ya nyumba mpaka kifuani. Iraida na Migdalia walikuwa wamehamishiwa shuleni pamoja na majirani, na waliporudi siku ya tatu walikuta tope limepanda juu ya jiko. Picha za Santaella zilizokuwa safu ya chini zilikuwa zimevimba na kugandana. Za juu zilipona, ile ya mikono sita ikiwemo. Lakini albamu ya familia ilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati.

Doña Monse hakupenda kamera. Kila ilipoinuliwa alijifunika kwa taulo la jikoni. Picha zake zote zilikuwa nne, na zilikuwa humo. Migdalia aliziloweka kwenye maji safi kama mtu alivyomwelekeza, akazibandua kwa ncha ya wembe wa saluni, na kila moja ilipobanduka uso ulibaki kwenye plastiki kama tope la rangi. Walibaki na gauni moja la harusi lisilo na kichwa. Kitambulisho chake walikwisha kukirudisha ofisini wakati wa kuandikisha kifo.

Mwanzoni Iraida hakuona kuwa ni msiba. Uso wa mama alikuwa nao kichwani. Lakini uso wa kichwani haukai pahali pamoja. Ulipopita mwaka, alijikuta akijaribu kuukumbuka mdomo wa mama unapocheka, akauona wa shangazi yake. Akajaribu tena akauona uso wa kwenye jeneza, wenye nywele zilizonyooshwa. Siku moja kiwandani sindano ikasimama katikati ya mshono. Akajua kwamba, ukiacha zile tano zilizopotelea kwa wageni, mahali pekee duniani ambapo mama yake bado anacheka ni kwenye ile karatasi, na kwamba alikuwa ameshika kalamu akairudisha.

Bado hakwenda Ponce. Mwendo wa saa moja tu kwa gari. Kila Jumamosi alisema Jumamosi ijayo, nitamwambia nini, nitaanzia wapi. Badala yake alianza kuzunguka kwenye matamasha mengine, akijidanganya kwamba atamkuta Don Eliud kambani kwake kama zamani na maneno yatakuja yenyewe. Alikwenda Loíza Julai. Alikwenda San Juan Januari, kwenye sikukuu ya mtaani inayojaza watu mpaka huwezi kuinua mkono. Kila penye ngoma palikuwa na meza za picha, na vijana wa sasa walichapa majogoo, vyura na wapigaji waliovaa miwani ya jua, kwa dola kumi, kumi na tano. Aliinua karatasi juani kwa mazoea, akaona palipopinda, na hakusema. Aliuliza tu kama wanamfahamu Santaella wa Ponce, na kama kuna aliyewahi kuona picha yake ya mwanamke anayekaanga.

Ni Januari ya 2001, San Juan, alipojibiwa. Mchapaji mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, vidole vimejaa wino wa kijani, aliweka chini fungu la picha.

"Don Eliud alinifundisha mimi. Sote hapa alitufundisha," akasema. "Wewe ni ndugu?"

"Mteja."

"Basi pole, mama. Alifariki. Mwaka juzi, Novemba."

Iraida alisimama mbele ya meza ile, watu wanamsukuma huku na huku. Mwaka juzi Novemba alikuwa ameanza tayari kuhesabu Jumamosi. Mwanamke akampa maji, kisha akamwandikia kwenye kipande cha karatasi anwani ya mjane, Doña Noris.

Safari hii hakungoja Jumamosi. Aliomba ruhusa kazini akaenda Jumanne.

Doña Noris alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na alifungua mlango akiwa na kisu cha kumenyea viazi vikuu. Iraida alijitambulisha. Mjane akamtazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Wewe ndiye wa Arroyo," akasema hatimaye. "Ingia. Kahawa iko motoni."

Waliketi jikoni. Iraida alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Nimekuja kuomba radhi. Nimechelewa."

"Umechelewa," Doña Noris akakubali, akimimina kahawa. Hakusema kwa ukali. "Alirudi siku ile na boksi la karatasi zilizokatwa. Nikamwuliza ni nini, akasema, Noris, nimemuumiza mtu ambaye sikutaka kumuumiza. Alikaa mwezi mzima hakuchapa. Mimi nilikukasirikia sana, sitakuficha. Yeye la. Alisema ulikuwa na haki ya kuulizwa."

"Alinitumia moja. Nikairudisha."

"Najua. Mimi ndiye niliyeipokea."

Iraida aliuliza kwa woga, kama mtu anayegusa jipu. "Ipo?"

Doña Noris akatikisa kichwa. Ilikuwa kwenye lile bomba zaidi ya miaka mitatu, akasema, juu ya kabati, Eliud hakuifungua. Kisha kabla ya kimbunga alikwenda nalo kwenye tamasha la mwisho alilokwenda, la hapa hapa Ponce, miguu ikiwa imeshaanza kumkataa. Akaja msichana mmoja na begi mgongoni, anahamia Chicago wiki ile, anataka kitu cha kukumbukia nyumbani, na hakukipenda chochote kambani. Eliud akamtolea lile bomba. Msichana alipoifungua akacheka, kisha akalia, akasema anafanana na bibi yake.

"Akampa bure," Doña Noris akasema. "Nikamwuliza kwa nini. Akasema, mwache aende mahali ambapo hakuna wa kumgombeza. Jina la msichana sikulijua. Yeye pia hakuuliza."

Iraida alitazama kikombe chake. Chicago. Mama yake, ambaye hakuwahi kupita San Juan, yuko ukutani kwa mtu huko kwenye theluji, peku.

"Njoo," mjane akasema akisimama. "Kipo kitu, lakini usitarajie kikubwa."

Karakana ilikuwa imepoteza nusu ya paa kwenye kimbunga, na fremu nyingi za kitambaa cha kupitishia wino zilikuwa zimechanika. Kwenye droo pana ya bati, katikati ya magazeti, Doña Noris akatafuta, akatoa karatasi moja. Eliud alichapa rangi moja kwa wakati, akaeleza, anangoja ikauke, anachapa nyingine juu yake. Kabla ya kuanza sitini alijaribu rangi kwenye karatasi ya pembeni, aone kama zinakaa. Njano kwanza, kisha udongo. Nyeusi ndiyo ya mwisho, ndiyo inayochora mistari: macho, pua, mdomo, vidole. Kwenye karatasi hii ya kujaribia nyeusi haikufika.

Iraida aliishika kwenye pembe. Kulikuwa na kitambaa cha njano kilichoenda upande. Kulikuwa na umbo la mwili, pana, limekaa, rangi ya udongo, na mkono ulioinuliwa. Pale palipotakiwa kuwa na uso palikuwa na duara tupu la rangi hiyo hiyo, laini, halina kitu. Njano ilikuwa imekaa barabara. Hakuna palipopinda.

"Chukua," Doña Noris akasema. "Kwangu haina kazi."

"Nikulipe nini?"

"Tano," mjane akajibu baada ya kufikiri. "Alipenda watu wanunue."

Iraida akampa dola tano, na Doña Noris akamfungia kwenye gazeti.

Aliiwekea fremu, akaitundika barazani. Wageni walisema ni nzuri, wakauliza ni nani. Aliandika barua kwa chama kimoja cha Wapuerto Riko wa Chicago, wakamjibu kwa adabu kwamba watauliza. Baadaye, watu walipoanza kutafutana kwenye simu, mpwa wake alimwekea tangazo, na walituma picha za akina mama wengi wanaokaanga, wazuri wote, si wake. Kila Julai bado huenda kwenye tamasha, hununua moja ya vijana, na humwambia mchapaji wazi palipopinda.

Migdalia hakuja kuitazama kwa miezi. Alipokuja, Jumapili moja baada ya ibada, alisimama mbele yake na mkoba umening'inia mkononi. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimekuwa nyeupe.

"Nilikuminya mkono," akasema. "Siku ile."

"Mdomo ulikuwa wangu, Migdalia."

Kisha Migdalia akainua kidole, akakisogeza kwenye kioo, karibu na lile duara tupu, upande wa kushoto.

"Alikuwa na kidoti hapa. Chini ya jicho."

"Upande wa kulia," Iraida akasema.

"Kushoto. Mimi nimemwosha, Iraida."

"Mimi nimelala naye kitanda kimoja mpaka nina miaka kumi. Kulia."

Walitazamana. Migdalia akashusha mkono. Hakuna kati yao aliyekuwa na hakika, na kila mmoja aliliona hilo kwenye uso wa mwenzake. Iraida akamvutia dada yake kiti, akaingia jikoni kuchemsha kahawa, na alipotoka na vikombe viwili alimkuta Migdalia bado amesimama pale pale, ameinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.